NAMNA YA KUPIMA OILI YA PIKIPIKI NZITO PASIPO MSAIDIZI

Katika Kaunti ya Kakamega pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali, mwalimu shuleni, na mkulima wa Malava au Shinyalu sokoni pamoja na maziwa na ndizi zake. Kazi hii ya kuchukua abiria ilianza kwa baiskeli. Katika miaka ya 1960 watu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walichukuliwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hata cha nchi ya pili, na hapo ndipo lilipotoka jina la boda boda. Baiskeli haikuwa na injini ya kutiwa oili. Pikipiki inayo, na mtu asiyeiangalia oili hiyo huenda akapoteza chombo chake kabla hajamaliza kulipa mkopo alioununulia.

Wenye pikipiki wengi wajua ya kuwa oili hupimwa chombo kikiwa kimesimama wima. Shida yao ni hii: pikipiki ni nzito, mpimaji yu peke yake, na akiishika isimame hawezi tena kuinama aone kipimo. Kwa hiyo wengine huipima ikiwa imelala ubavuni, na wengine hawapimi kabisa. Hapa chini tutaeleza njia zimfaazo mtu mmoja, pamoja na sababu zake, kwa kuwa mtu ajuaye sababu hasahau kanuni.

KAZI YA OILI

Ndani ya injini mna vyuma vingi viendavyo mbio vikikaribiana sana. Kranki yaweza kuzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika moja. Oili hutanda katikati ya vyuma hivyo visisagane, huchukua joto, na huondoa masizi. Katika pikipiki nyingi za siku hizi oili hiyo moja huhudumia injini, gia na klachi pia.

Motokaa ndogo huchukua lita 4 hivi za oili, lakini pikipiki nyingi za kuchukua abiria huchukua lita 1 tu au zaidi kidogo. Basi oili ikipungua kiasi cha kikombe kimoja cha chai, injini ya motokaa huenda isidhurike, bali pikipiki itakuwa imepoteza karibu robo ya oili yake yote.

Oili ikipungua mno, vyuma hushika moto na kutanuka, hata pistoni ikanasa ndani ya silinda. Mafundi husema injini imenoki. Tena hasara hii si ya fedha peke yake. Injini ikinasa ghafula pikipiki ikiwa katika mwendo, gurudumu la nyuma nalo huweza kukwama, na mwendeshaji na abiria wake wakatupwa barabarani.

Wala mtu asidhani kwamba kuzidisha oili ni usalama. Ikizidi, kranki huipiga ikawa povu, na povu halilainishi vyuma. Oili nyingine husukumwa mpaka kwenye kichujio cha hewa, na sili huanza kuvuja. Kwa hiyo aongezaye bila kupima na yule asiyeongeza kamwe wote wawili wamo hatarini.

KWA NINI KIPIMO HUDANGANYA

Oili ndani ya injini ni kama maji katika bakuli. Ukiliinamisha bakuli, maji hukimbilia upande wa chini. Pikipiki isimamapo kwa stendi ya ubavuni hulalia kushoto, na oili yote huelekea huko.

Pikipiki nyingi zina kioo kidogo cha mviringo upande wa kulia wa injini, chenye alama mbili, ya juu na ya chini. Tuseme kioo kiko sentimita 12 kutoka katikati ya injini, na pikipiki imelala digrii 10. Oili itashuka karibu sentimita 2 pale kwenye kioo, na huenda upana wa kioo chenyewe ni huo huo. Mwenye pikipiki atatazama asione kitu, adhani injini imekauka, atie nusu lita juu ya oili iliyokuwa ikitosha.

Pengine udanganyifu huwa kinyume chake. Baadhi ya pikipiki kubwa za BMW, zile zenye silinda mbili zilizotokeza kulia na kushoto, zina kioo upande wa kushoto. Zikilalia kushoto kioo hujaa, na mtu aliyepungukiwa na oili hujiona anayo tele.

Wako watengenezaji wenye desturi nyingine. Pikipiki nyingi za Harley-Davidson, zitokazo Marekani, hupimwa zikiwa zimelala juu ya stendi ya ubavuni, kwa sababu alama za kijiti chake zilikatwa kwa hali hiyo. Na pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950, kama BSA na Matchless, ziliweka oili katika tangi la peke yake. Zikikaa siku nyingi bila kazi, oili iliweza kuteremka injini polepole, tangi likaonekana tupu. Mwenyewe hakuwa na budi kuiwasha injini kwanza ili oili irudi tangini, ndipo apime.

Kanuni basi ni moja kwa wote: oili hupimwa chombo kikiwa katika hali ile aliyoikusudia mtengenezaji. Kitabu cha pikipiki ndicho mwamuzi. Maelezo yafuatayo ni ya pikipiki zile zipimwazo zikiwa wima, nazo ndizo nyingi.

KABLA YA KUPIMA

Kwanza, tafuta mahali palipo sawa. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremkie mitaroni, kwa hiyo ukingo wa barabara haufai. Sakafu ya saruji ni bora. Kama una shaka, chukua chupa ya maji iliyonyooka, ijaze ukibakiza hewa kidogo, uifunge na kuilaza chini. Hewa ikikimbilia ncha moja, pana mteremko. Ilaze tena kwa upande wa pili uhakikishe. Usidharau mteremko mdogo: kwa mfano wetu wa hapo juu, digrii 2 tu huhamisha oili milimita 4.

Pili, iache injini izunguke polepole dakika 3 hata 5, uizime, kisha ungoje dakika nyingine 3 hata 5. Oili iliyopanda juu hupata nafasi ya kushuka. Fanya hivyo mahali pa wazi, kwa maana moshi wa injini katika chumba kilichofungwa huua.

Tatu, pangusa vumbi na matope kwenye kioo au kwenye kifuniko cha oili. Jihadhari na bomba la moshi, lina moto.

NJIA YA KWANZA: STENDI KUBWA

Pikipiki yenye stendi kubwa ya katikati haihitaji msaidizi hata ikiwa nzito, mradi mtu ajue namna ya kuipandisha. Simama upande wa kushoto. Shika usukani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia shika keria au chuma cha nyuma ya kiti. Iinue pikipiki isimame wima, kisha shusha stendi kwa mguu wa kulia mpaka miguu yake yote miwili iguse sakafu. Hii ni lazima. Mguu mmoja ukigusa peke yake, pikipiki itapinduka.

Sasa weka uzito wa mwili wako wote juu ya ule mguu wa kulia, kama mtu apandaye ngazi, na mikono ielekeze tu nyuma na juu. Pikipiki itapanda yenyewe. Wanaoumia mgongo ni wale wavutao kwa mikono. Ikisha kusimama, chuchumaa usome kioo, macho yako yakiwa sawa na kioo, si kutoka juu.

NJIA YA PILI: KUKAA JUU YA PIKIPIKI

Pikipiki nyingi kubwa hazina stendi ya katikati, nazo huweza kupita kilo 200. Mtu asiogope hesabu hiyo. Pikipiki ikiwa wima kabisa, uzito huchukuliwa na magurudumu, na nguvu ndogo yatosha kuishika. Ikianza kuinama ndipo uzito huhamia kwako. Kazi yako basi ni kuizuia isiinami, na kutafuta jicho lingine la kusoma kipimo.

Jicho hilo ni simu ya mkononi yenye kamera. Weka jiwe au kigari mbele na nyuma ya magurudumu. Iegemeze simu juu ya jiwe, hatua moja kutoka kwenye injini, ikielekea kioo, uiwashe ipige picha za kutembea. Angalia mguu wako usije ukakifunika kioo.

Kisha kaa juu ya kiti, miguu yote miwili chini, ushike breki ya mbele. Iache stendi ya ubavuni ikiwa imeshushwa, ili pikipiki ikirudi kushoto ipate pa kuegemea. Inua polepole mpaka mikono yote miwili isione uzito. Hapo ndipo wima. Hesabu mpaka kumi bila kutikisika, kisha rudisha pikipiki taratibu juu ya stendi yake. Shuka, utazame picha: utaona oili ilifika wapi.

Asiye na simu ya namna hiyo atumie kioo kidogo cha kujitazamia. Akiegemeze kwenye jiwe chini, akigeuze mpaka aone kipimo akiwa juu ya kiti.

Mtu ambaye miguu yake haifiki chini vizuri asijaribu njia hii peke yake. Amwite jirani, hapana aibu.

PIKIPIKI ZENYE KIJITI

Pikipiki nyingine hazina kioo bali kijiti kilichoshikamana na kifuniko cha oili. Kipanguse kikauke, ukitie, ukitoe, usome alama. Kitabu kitakuambia kama kijiti hukazwa au huachwa kikae tu juu ya tundu bila kuzungushwa. Katika pikipiki nyingi za Honda hakizungushwi. Tofauti hiyo yatosha kuharibu kipimo.

Apimaye peke yake akumbuke jambo moja zaidi. Kijiti huonyesha mahali pa juu kabisa palipoguswa na oili. Ukikitia pikipiki ikiwa imeinama, oili yaweza kukilowesha mahali pasipo pake. Kwa hiyo inua pikipiki kwanza, tia kijiti, ukitoe, ndipo uiinamishe tena. Na kwa kuwa mkono wa kulia utaiacha breki, tia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, na yale mawe ya magurudumu yasikosekane.

MAMBO YASIYOFAA

Wengine husimama upande wa kulia wakaivuta pikipiki kuwaelekea huku wamechuchumaa. Kwa pikipiki nzito hii ni hatari kubwa. Ikipita wima itamwangukia, naye akiwa amechuchumaa hana nguvu wala njia ya kukimbia. Wengine hutia kibao kinene chini ya stendi ya ubavuni ili pikipiki isimame wima. Kibao kikizidi unene kidogo tu, pikipiki huanguka upande wa pili.

BAADA YA KUPIMA

Oili ikiwa kati ya alama mbili, iache. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, ungoje, upime tena. Chagua oili ya pikipiki. Kwa klachi inayokaa ndani ya oili, chupa na iwe na alama ya JASO MA. Oili nyingine za motokaa zina dawa za utelezi, na klachi huteleza kwa sababu yake. Ikizidi alama ya juu, ipunguzwe kabla ya safari.

Itazame na hali yake. Oili nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji, na huenda pikipiki ilipita katika maji mengi wakati wa mvua kubwa, mito kama Isiukhu na Nzoia ifurikapo. Oili iliyoongezeka bila kuongezwa, tena inanuka petroli, ni dalili kwamba petroli yavujia ndani ya injini. Katika hali hizi mbili usiiwashe pikipiki, mwite fundi.

Mchukuzi wa abiria yampasa kupima kila asubuhi, na mwingine walau mara moja kwa wiki. Aandike tarehe na kiasi alichoongeza katika daftari, apate kujua kama injini yake yaanza kula oili. Na oili chafu isimwagwe mtoni wala shambani. Itiwe katika debe na kupelekwa kwa fundi.

Kazi yote hii haichukui zaidi ya robo saa, nayo haitaki vifaa ila kitambaa, mawe machache, chupa ya maji, na simu au kioo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mwenye pikipiki ni injini mpya.