MWANAFUNZI ALIYEHESABU UPYA

Katika ghala la silaha liendeshwalo kwa taratibu, mtoa bunduki hawi ndiye pekee azihesabuye. Yuko atoaye, yuko apokeaye, na yuko akaguaye. Na kila mmoja hutia sahihi yake daftarini. Kadhalika katika kituo cha polisi, askari ashikaye zamu hapokei mahabusu kwa maneno matupu, bali huwahesabu kwanza, ndipo akubali kwamba wamo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Twaitaja desturi hii, ambayo wasomaji wetu waijua tangu siku za mafunzo, kwa kuwa leo twapenda kusimulia jinsi hesabu isiyokaguliwa ilivyopita mikononi mwa mawaziri wa mataifa makubwa kwa muda wa miaka mitatu, na jinsi ilivyosahihishwa na kijana aliyekuwa angali mwanafunzi.

Yafaa kwanza tueleze wanafunzi wa namna hii ni watu gani. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mtu asomeaye shahada ya udaktari wa uchumi hukaa chuoni miaka mitano au zaidi. Walio wengi hawana mali ya kujilipia. Hivyo chuo huwasamehe ada na kuwapa posho ya kujikimu, nao hufanya kazi ama ya kufundisha wanafunzi wa chini yao, ama ya kuwa wasaidizi wa utafiti. Msaidizi wa utafiti hukusanya takwimu, huzipanga katika majedwali, huzisafisha zilizochafuka, hupiga hesabu kwa kompyuta na kulinganisha majibu. Ni kazi ya kimya. Jina la profesa huandikwa juu ya kitabu. Jina la msaidizi mara nyingi huonekana katika shukrani tu. Lakini kama vile jeshi lisivyokwenda bila mtunza stoo na fundi wa mitambo, ndivyo na elimu ya uchumi isivyokwenda bila vijana hawa.

Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst kina kituo cha utafiti cha namna hiyo, kijulikanacho kwa kifupi kama PERI, kilichoanzishwa mwaka 1998. Kituo hicho huwatumia wanafunzi wa udaktari kama wasaidizi, na ndicho kilichoitoa hadharani habari tunayoisimulia.

Mwaka 2010 maprofesa wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Hawakuwa watu wadogo: Rogoff alikuwa amepata kuwa mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Walizichunguza nchi 20 zilizoendelea, tangu mwaka 1946 hadi 2009, wakasema kwamba deni la serikali likizidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi hukwama. Kwa wastani wao, nchi zilizofika hapo hazikukua kabisa, bali zilipungua kwa asilimia 0.1 kwa mwaka.

Neno hilo lilikuja wakati serikali nyingi zilikuwa zimelemewa na madeni baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Katika Uingereza, George Osborne aliutaja utafiti huo katika hotuba yake ya Februari 2010, miezi michache kabla ya kuwa Waziri wa Fedha. Katika Umoja wa Ulaya, Kamishna Olli Rehn aliitaja asilimia 90 alipowaandikia mawaziri mwaka 2013. Katika Marekani, mpango wa bajeti wa Mbunge Paul Ryan uliutegemea vilevile.

Msomaji aweza kuuliza: haya yamhusu nini askari? Yamhusu sana. Mwezi Oktoba 1910 ulikwisha pita zamani, lakini Oktoba 2010 si mbali: katika mwezi huo serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza wanajeshi wapatao 17,000, yaani 7,000 wa nchi kavu, 5,000 wa majini na 5,000 wa anga. Wakati huohuo fedha zitokazo serikali kuu kwa ajili ya polisi wa Uingereza na Wales zilipangwa kupungua kwa asilimia 20 katika miaka minne. Hatusemi kwamba makala moja ndiyo iliyowavua watu hao sare zao. Serikali ilikuwa na sababu nyingi, na ingeweza kukata hata bila makala ile. Twasema tu kwamba ile asilimia 90 ilikuwa miongoni mwa silaha za wale waliotaka kukata, na silaha hiyo haikuwa imekaguliwa.

Ndipo alipotokea Thomas Herndon, mwanafunzi wa udaktari wa uchumi katika chuo kile cha Amherst. Katika somo la takwimu wanafunzi walipewa zoezi: kila mmoja achague makala maarufu, apige hesabu zake upya, aone kama atapata majibu yaleyale. Herndon aliichagua makala ya Reinhart na Rogoff. Alihesabu, hakupata. Akarudia, hakupata. Walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, mwanzoni walidhani kwamba kijana ndiye aliyekosea, jambo ambalo si ajabu, kwa kuwa mkubwa huaminiwa kabla ya mdogo. Lakini hesabu ilizidi kukataa. Hatimaye Herndon aliwaandikia maprofesa wale kwa adabu, akiomba jedwali walilolitumia. Nao, yafaa wasifiwe kwa hilo, wakampelekea.

Alipolifungua aliona mambo matatu. La kwanza, wastani ulipopigwa katika programu ya Excel, mistari iliyojumlishwa ilikuwa ya 30 hadi 44, ilhali nchi ziliendelea mpaka mstari wa 49. Nchi tano ziliachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. La pili, miaka kadhaa ya baada ya vita ya nchi tatu haikutiwa katika hesabu. La tatu, kila nchi ilipewa uzito sawa. Uingereza, iliyokaa miaka 19 juu ya asilimia 90 huku ikikua kwa asilimia 2.4, ilihesabiwa sawasawa na New Zealand, iliyotiwa kwa mwaka mmoja tu, 1951, uchumi wake uliposhuka kwa asilimia 7.6. Ni kama kamanda alinganishe ripoti ya doria ya usiku mmoja na ripoti ya doria ya siku kumi na tisa, kisha aseme zote zina uzito mmoja.

Yote yaliposahihishwa, wastani wa nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 haukuwa tena kupungua kwa 0.1, bali kukua kwa asilimia 2.2. Mwezi Aprili 2013 Herndon na walimu wake wawili walitoa matokeo hayo kupitia PERI, na habari ikaenea duniani kwa siku chache.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la mistari, wakachapisha masahihisho. Lakini walikanusha vikali kwamba waliacha miaka kwa makusudi, wakautetea utaratibu wao wa uzito, wakashikilia kwamba deni kubwa bado huandamana na ukuaji mdogo. Na kweli, hata katika hesabu za Herndon, nchi zenye deni la asilimia 60 hadi 90 zilikua kwa 3.2, kuliko zile za juu yake. Kilichoanguka ni ile hofu ya ukuta, kwamba nchi ikivuka 90 huporomoka papo hapo. Na kama deni ndilo lidumazao uchumi, au uchumi uliodumaa ndio uzaao deni, wataalamu wangali wakibishana.

Nasi wa Uganda si wageni wa mambo haya. Mwaka 1998 nchi yetu ilikuwa ya kwanza kupunguziwa mzigo chini ya mpango wa kimataifa wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Kila mara wataalamu watuleteapo kiwango na kusema hapa ndipo mwisho, posho ya askari, dawa za hospitali na mishahara ya walimu vimo ndani ya kiwango hicho. Kwa hiyo twahitaji vijana wetu wenyewe, wakaao katika vituo vya utafiti vya vyuo vyetu, wenye subira ya kufungua jedwali na kuhesabu mstari kwa mstari.

Na kwa wapiganaji wenzetu, funzo ni hili. Kukagua si kuasi. Herndon hakumtukana mtu wala hakuvunja mlango. Aliomba daftari, akahesabu, akaonyesha alichokiona. Kuruta akimwambia sajenti wake, “Afande, hesabu yangu imepungua risasi tano,” hajamvunjia heshima. Amemwokoa yeye na kikosi kizima. Na mkubwa aombwaye daftari, akalitoa bila kinyongo, hapotezi nyota begani mwake.