Mke wa Kaizari aliota damu, akaambiwa ni woga: wanawake kwenye tanzia za Shakespeare

Ukimtajia mtu Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969, atakutajia usaliti, visu na hotuba kali juu ya maiti. Siasa tupu.

Lakini mtu aliyekaa kibarazani kule Mashewa, Korogwe, akiisoma taratibu, atakutana na mambo anayoyajua kabisa: mke asiyepata mtoto, ndoto mbaya ya usiku, na mume mwenye siri.

Tamthilia nzima ina wanawake wawili tu, Calpurnia na Portia. Sababu moja ni jukwaa lenyewe. William Shakespeare aliiandika karibu mwaka 1599, na wakati huo Uingereza wanawake hawakuigiza kwenye majumba ya maigizo ya London. Nafasi zao zilichezwa na vijana wa kiume ambao sauti zao hazijavunjika. Vijana wa namna hiyo hawakuwa wengi, basi na wahusika wa kike wakawa wa kuhesabu. Waigizaji wanawake walianza kuonekana kwenye majumba hayo mwaka 1660, Shakespeare ameshafariki zamani.

Tazama Calpurnia anavyoingia. Ni sikukuu, watu wamejaa barabarani. Kaizari anamwita Antony, anayeshiriki mbio za siku hiyo, na kumkumbusha amguse Calpurnia akipita, kwa sababu wazee walisema mwanamke tasa akiguswa kwenye mbio hizo laana inamtoka. Anayasema hayo hadharani, mbele ya umati! Calpurnia hajibu kitu. Kwa historia ya kweli, Kaizari aliwahi kupata binti, Julia, kwa mke mwingine, kwa hiyo Roma nzima ilishaamua kasoro iko kwa nani.

Baadaye Calpurnia anaota sanamu ya mumewe inachuruzika damu na watu wananawa humo. Anamsihi asitoke. Wala hatafuti makuu: anasema Antony aende akawaambie wakubwa kwamba Kaizari anaumwa. Na Kaizari anakubali!

Kisha anafika Decius, mmoja wa waliopanga kumuua. Anaigeuza ndoto iwe habari njema, anadokeza kuwa leo atapewa taji, halafu anachomekea dhihaka: watu watacheka wakisikia baraza limeahirishwa mpaka mke wa Kaizari aote vizuri zaidi. Hapo mwanaume kwisha. Anamwambia mkewe kwamba ameona haya kumsikiliza, anadai joho lake, anaondoka. Siku hiyohiyo anachomwa visu. Calpurnia hasemi neno tena mpaka mwisho wa tamthilia.

Kilichomuua Kaizari si kukosa taarifa. Taarifa ilitoka chumbani kwake. Aliogopa kuonekana anaongozwa na mke.

Portia, mke wa Brutus, yeye anadai haki yake. Anamuuliza mumewe kama kazi yake ni kula naye mezani na kulala naye tu, au ni mke kweli wa kushirikishwa. Ili aaminike anatunza siri, amejikata paja na kuvumilia maumivu kimya. Siri anaipata. Asubuhi ya mauaji haimkai kifuani: anamtuma kijana akimbie kwenye baraza, lakini hawezi kumwambia anakwenda kufanya nini. Baadaye tunasikia amejiua. Brutus hakuhitaji kujikata popote ili aaminike.

Kwenye Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968, mke ndiye anayemsukuma mume aue mfalme. Wengi humshika huyo kama mfano wa mwanamke mbaya. Sawa, ila usisahau kwamba mume alishaliwaza kabla ya kufika nyumbani, na mauaji yaliyofuata hata hakumwambia.

Anayestahili kukumbukwa zaidi ni Emilia wa kwenye Othello. Chanzo cha kifo pale ni kitambaa cha mkononi. Desdemona anakidondosha, Emilia anakiokota na kumpa mumewe, Iago, bila kujua mpango wake. Iago anakitumia kumwaminisha Othello kwamba mkewe anatoka nje ya ndoa. Othello haulizi vizuri, anamuua Desdemona kitandani. Kwa maneno ya magazeti yetu, wivu wa mapenzi.

Kwa msomaji wa pwani kitambaa hicho hakiko mbali. Inaelezwa kwamba leso, yaani kanga, ilianza kwa vitambaa vya namna hiyo kushonwa pamoja, na jina lenyewe lilitoka kwa Wareno.

Emilia akishaelewa, anasema kila kitu mbele ya watu. Mumewe anamwamuru anyamaze na arudi nyumbani. Anamjibu kwamba kumtii ni sawa, ila si sasa, na kwamba pengine nyumbani hatarudi kamwe.

Iago anamchoma kisu palepale. Lakini maneno yameshatoka, na ni kwa maneno hayo watu wanajua Desdemona hakuwa na kosa.