Zizi Safi na Pikapu Isiyobeba Mzigo



Ukipitia matangazo ya magari ya zamani yanayouzwa Marekani, utakutana na gari moja la ajabu kidogo. Mbele ni gari dogo la kutembelea: boneti ndefu, kiti kipana, vyuma vinavyong'aa. Lakini nyuma ya kiti hicho paa linakatika, na pale ambapo wangekaa watoto pana sehemu ya kupakia mizigo. Ford waliliita Ranchero, wakalitoa kama toleo la mwaka 1957. Chevrolet wakajibu mwaka 1959 kwa gari la El Camino, jina la Kihispania lenye maana ya "njia". Ranchero lilikoma mwaka 1979, El Camino mwaka 1987. Wenye mvi miongoni mwetu watakumbuka ndugu zake wa Kifaransa, pikapu za Peugeot 404 na 504, ambazo hapa kwetu zilibeba kila kitu, kuanzia maziwa mpaka maharusi.

Wazo la gari la namna hii lina historia ambayo Mkristo angependa kuijua. Inasimuliwa kwamba mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja wa Gippsland, katika jimbo la Victoria nchini Australia, aliiandikia kampuni ya Ford. Alitaka gari moja tu: Jumapili liwapeleke kanisani bila kulowa mvua, Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Kijana mchoraji wa kampuni hiyo, Lew Bandt, akapewa kazi, na mwaka 1934 gari likatoka. Ford wa Marekani walichukua zaidi ya miaka ishirini kuunda la kwao la kufanana nalo.

Mwanamke huyo hakuomba magari mawili. Labda hakuwa na fedha. Lakini mimi naona ombi lake lilikuwa na teolojia nzuri kuliko mahubiri mengi: kiti kilichokaliwa na nguo za ibada ndicho kilichokaliwa kesho yake na nguo za zizini, na dereva alikuwa yule yule.

Sasa turudi kwenye tangazo. Muuzaji anasifia nini? Rangi ya kiwandani. Hakuna kutu. Limelala gereji miaka mingi, halijanyeshewa. Na sifa inayopandisha bei kuliko zote: sehemu ya mizigo haina hata mkwaruzo, halijawahi kubeba kitu. Wanunuzi wazoefu huja na sumaku ndogo mfukoni. Huipitisha juu ya bodi, na pale isiponasa hujua kwamba chini ya rangi kuna puti iliyofunika kutu. Wanachunguza sana, na wana haki. Ila pikapu ikisifiwa kwa sababu haijawahi kufanya kazi ya pikapu, hapo kuna jambo limegeuzwa juu chini. (Hata kiwandani walianza mapema. El Camino la mwaka 1970 liliweza kununuliwa likiwa na injini ya LS6 ya nguvu za farasi 450. Nguruwe hahitaji kufika sokoni kwa kasi hiyo.)

Fungua Mithali 14:4. Mwenye hekima anasema kwamba pasipo ng'ombe zizi huwa safi, lakini mavuno mengi huja kwa nguvu za ng'ombe. Soma polepole. Hasemi uchafu ni mzuri. Anasema usafi wa aina fulani ni dalili ya ghala tupu.

Tuzungumze wazi, mpendwa. Wapo kati yetu wanaosifiwa kwa kuwa hawajawahi kuwa na doa. Hawajagombana na mtu, kwa sababu hawajawahi kusuluhisha ugomvi wa mtu. Hawajaibiwa, kwa sababu hawajamkopesha jirani. Hawajachoka, kwa sababu mgonjwa wa nyumba ya tatu huhudumiwa na wengine. Tunawachagua kuwa wazee wa kanisa kwa rekodi yao safi, wakati mama aliyelea yatima wanne, mmoja akamshinda akaishia mitaani, tunamnong'onea nyuma ya benchi. Ana mikwaruzo, ni kweli. Wagalatia 6:2 inatuagiza kuchukuliana mizigo, na mzigo haupakiwi bila kukwaruza.

Usinielewe kwamba nadharau utunzaji. Gari lililofanya kazi bila kuoshwa wala kupakwa grisi liliozea shambani zamani, na ndiyo maana yaliyobaki ni machache. Uzembe haujawahi kuwa utumishi. Mtumishi asiyelala, asiyeomba, asiyekula na familia yake, ataoza kutoka ndani, na puti ya tabasamu haitamfunika siku zote. Lakini angalia Mungu anavyotunza. Katika Kumbukumbu la Torati 29:5 Waisraeli wanakumbushwa kwamba kwa miaka arobaini nguo zao hazikuchakaa, wala viatu vyao. Viatu hivyo havikuwa kabatini. Vilikuwa miguuni, jangwani, vikitembea.

Nalisema hili kwa sababu sharika na parokia nyingi zimenunua magari kwa michango ya waumini, pamoja na wajane waliotoa kuku na mayai yakanadiwa. Halafu gari linafunikwa turubai. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, jibu ni kwamba gari ni la kanisa, viti vitachafuka.

Kesho ni Jumatatu. Kama kanisa lenu lina gari, muulize mzee wa kanisa, kwa upole, lilibeba nini mwezi uliopita, na funguo zake hukaa kwa nani usiku.