Je, Wajua? Zamu Isiyoisha ya Omweso

Omweso, mchezo wa ubao, umechezwa katika ufalme wa Buganda, nchini Uganda, tangu enzi za wafalme wa kale. Ubao una mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la Waswahili. Mchezo mtamu, ila kanuni zake mbili huudhi kwelikweli.

Kwanza, shimo lenye kete moja halichezeki. Kwa hiyo unaweza kubaki na kete katika mashimo yako yote 16, moja moja, na bado umeshindwa!

Ya pili ndiyo kero hasa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, na hakuna cha kuteka, unazizoa zote na kuendelea kusambaza. Ipo mipangilio ambayo mzunguko huo haukomi kamwe, na mpinzani amekaa tu, anasubiri zamu isiyokuja. Ndiyo maana mashindanoni huwekwa kikomo cha muda. Ukipita, mchezo hufutwa. Bao nalo haliponi: wanahisabati wamethibitisha kuwa lina zamu zisizo na mwisho.