Gesi ya Kiyoyozi Haiishi kwa Kutumika

Katika magari ya mtumba yashukayo bandarini Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, ambayo aghalabu yamekwisha kutembea miaka kadhaa kabla ya kumfikia mnunuzi wa huku kwetu, hakuna ila itengenezwayo kwa papara kama udhaifu wa kiyoyozi. Kwani msimu wa kaskazi uingiapo, na joto likapanda juu ya nyuzi 30 pamoja na fukuto la pwani, mwenye gari humwendea fundi na neno moja tu, "Nijazie gesi," na fundi naye humjazia, akapokea ujira wake, na baada ya muda si mrefu hewa hurudi kuwa vuguvugu kama kwanza.

Asili ya taksiri hii ni kuidhania gesi kuwa mfano wa petroli, kitu cha kuchomwa kikaisha, ilhali haichomwi wala hailiwi, bali huzunguka daima ndani ya mabomba yaliyofungwa. Gesi iitwayo R134a, iliyomo katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri isipobanwa. Na kila kimiminika kinapogeuka mvuke hufyonza joto la kilicho karibu nacho, kama spiriti inavyoupoza mkono wa mgonjwa kabla ya sindano. Kompresa huubana mvuke hadi ukapata moto, kondensa iliyo mbele ya rejeta hulitoa joto hilo nje mvuke ukawa kimiminika, kisha kimiminika hicho hupenya tundu jembamba la vali, shinikizo likashuka ghafula, kikachemka ndani ya koili iliyojificha nyuma ya dashibodi na kuinyang'anya joto hewa ya abiria. Kwa hiyo, tukiacha kiasi kidogo kipenyacho katika mipira kwa miaka mingi, gesi iliyopungua imevuja, na palipovuja pangali wazi.

Lakini si kila udhaifu hutokana na gesi. Hewa ikitoka kwa unyonge hata feni ikiwa imefunguliwa yote, tazama kwanza chujio, ambalo katika Toyota nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi na hutolewa kwa mkono mtupu. Kiyoyozi kikipoza vyema barabarani mwendo ukiwa wa kasi, kisha kikashindwa katika foleni, shuku feni ya mbele, au kondensa iliyozibwa na matope na wadudu. Na hewa ikianza kwa nguvu, ikafifia safarini, kisha ikarejea baada ya kukizima kwa muda, yamkini koili imeganda barafu.

Fungua boneti injini ikinguruma na kiyoyozi kikiwaka, uyaguse mabomba yake mawili kwa hadhari: lile nene sharti liwe baridi, nalo hutoka jasho, na lile jembamba liwe na joto. Yakiwa sawasawa, ama kompresa haibani, ama gesi imekwisha kuvuja. Na klachi ya kompresa ikishika na kuachia kila mara, upungufu wa gesi ni jambo la kudhaniwa sana. Chunguza na viungo, kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na palipo na uvujaji hubaki doa lenye mafuta lililonasa vumbi.

Geji nayo yaweza kumhadaa asiyejua. Injini ikiwa imezimwa, shinikizo hufuata joto la siku, si wingi wa gesi, maadamu kimebaki kimiminika ndani. Kwa nyuzi 30 husoma takriban psi 97, gesi ikiwa nusu au ikiwa kamili. Na gesi iliyozidi hupunguza ubaridi kama iliyopungua. Ndiyo maana watengenezaji hubandika chini ya boneti kibao chenye kipimo cha gramu, na ndiyo maana kazi ya haki huanza kwa kuziba uvujaji, ikafuata pampu ya kuvuta hewa na unyevu wote, maana unyevu ukichanganyika na gesi huzaa asidi ilayo chuma, kisha gesi ikapimwa kwa mizani. Wenye Prius au Aqua wazidishe uangalifu: kompresa zao huendeshwa kwa umeme wa volti nyingi, na mafuta ya kawaida yakitiwa humo huharibu kinga ya nyaya zake.

Tena gesi hii ikitoroka haipotei bure, kwani kwa kipimo cha miaka 100 huhifadhi joto angani zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi; na kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana mjini Kigali, mwaka 2016, kuzipunguza gesi za jamaa yake.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha yako mwulize fundi imevuja wapi, ameivuta hewa kwa muda gani, na ametia gramu ngapi. Na asipokuwa na jibu, chukua gari lako ukamtafute mwingine.