Ndege ikipata ajali, acha mizigo: mambo ambayo ajali zimetufundisha

Kwa wengi wetu katika makazi ya wakimbizi, safari ya kwanza ya ndege huja baada ya miaka mingi ya kungoja. Usaili umepita, vipimo vya afya vimepita, jina limetoka kwenye orodha. Halafu usiku wa mwisho, mizigo ikiwa imeshafungwa, linatoka lile swali ambalo mtu aliona aibu kuuliza mbele ya wenzake kwenye mafunzo: je, ndege ikianguka?

Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, wanaosafiri wamepungua. Hata hivyo wapo wanaoendelea kuondoka kwenda nchi nyingine, kuungana na familia, kusoma au kutibiwa. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa wenyeji wetu ambao nao hupanda ndege kwenda kutafuta kazi nje.

Hofu hiyo ina sababu

Waliotoka Goma wanakumbuka tarehe 15 Aprili 2008. Ndege ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia ya kurukia na kuingia katika mtaa wa Birere, penye maduka na watu wengi. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria, walikuwa watu waliokuwa kwenye shughuli zao chini. Njia ya kurukia ya uwanja huo ilikuwa imefupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002.

Wanaoishi karibu na Ziwa Viktoria wanakumbuka Bukoba, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Mutukula. Asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja, wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 wakaokoka.

Mambo haya yalitokea kweli, wala hatuyaandiki ili kumtisha mtu. Lakini kuna jambo la pili ambalo ni kweli vilevile. Kila mwaka zaidi ya abiria bilioni 4 husafiri kwa ndege duniani, na karibu wote hufika salama. Sababu moja kubwa ni kwamba kila ajali huchunguzwa. Chini ya kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, siyo kumtafuta wa kulaumiwa. Kisanduku cheusi, ambacho kwa kweli hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane, hutunza sauti za marubani na mwenendo wa ndege. Kinachogunduliwa hutumwa kwa nchi nyingine na kwa watengenezaji wa ndege.

Somo lisipofanyiwa kazi mapema, watu hufa tena. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Mtambo mmoja ndani yake ulikuwa ukisukuma pua ya ndege chini kwa kufuata taarifa isiyo sahihi. Ndege za aina hiyo ziliendelea kuruka. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina hiyohiyo, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya ndio walikuwa wengi zaidi kati yao. Ndipo ndege za aina hiyo zikazuiwa kuruka dunia nzima hadi mtambo uliporekebishwa.

Mambo ya mitambo na marubani hayamo mikononi mwa abiria. Lakini yapo machache yaliyo mikononi mwako. Maelezo yale mafupi ambayo wahudumu hutoa kabla ya ndege kupaa, na ambayo wasafiri wazoefu huyapuuza, yana historia yake. Karibu kila sentensi imetokana na watu waliokufa.

Komoro 1996: jaketi okozi lililozuia watu kutoka

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka kupelekwa Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakumsikiliza. Mafuta yalipoisha, alilazimika kuishusha baharini, karibu na ufuko wa Ngazidja katika visiwa vya Komoro. Wenyeji na watalii waliokuwa ufukweni walikimbilia mashua kwenda kuokoa.

Kati ya watu 175, walikufa 125. Baadhi yao hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamevaa majaketi okozi na kuyajaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini, wakashindwa kuzama kidogo ili kufika mlangoni.

Ndiyo maana utaambiwa: vaa jaketi ukiwa ndani, lijaze hewa ukishafika mlangoni unatoka. Wanaovuka Ziwa Albati au Ziwa Viktoria kwa boti wamezoea jaketi ambalo limejaa tangu mwanzo. La ndege ni tofauti. Limekunjwa, kwa kawaida chini ya kiti, na hujaa ukivuta kamba yake. Mtoto mchanga ana lake dogo, muulize mhudumu.

Manchester 1985: moshi hutangulia moto

Tarehe 22 Agosti 1985, huko Manchester, Uingereza, injini ya ndege ilipasuka wakati wa kupaa. Rubani aliisimamisha ndege, haikuwa imeondoka ardhini. Hata hivyo watu 55 kati ya 137 walikufa, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Waliokuwa ndani walishindwa kuona, na njia karibu na milango ilikuwa nyembamba, wakasongamana.

Baada ya hapo kanuni nyingi zilibadilishwa au kukazwa: vitambaa vya viti visivyoshika moto haraka, taa za sakafuni zinazoelekeza mlangoni, na nafasi zaidi karibu na milango iliyo juu ya mabawa. Leo, kabla ndege mpya haijaruhusiwa kubeba abiria, mtengenezaji lazima athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa.

Kwako wewe, somo ni rahisi. Ukikaa, hesabu ni viti vingapi kutoka chako hadi mlango wa dharura wa mbele yako, na vingapi hadi wa nyuma yako. Moshi ukijaa, utahesabu kwa kupapasa. Inama, kwa kuwa hewa nzuri hubaki chini.

Tokyo 2024: watu 379, wote wametoka

Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines ilikuwa inatua katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Kwenye njia hiyohiyo ilikuwepo ndege ndogo ya walinzi wa pwani, iliyokuwa ikipeleka misaada kwa watu waliopigwa na tetemeko la ardhi. Ziligongana. Watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ndogo walikufa. Ile kubwa iliteleza ikiwaka moto hadi ikasimama.

Ndani yake walikuwamo watu 379, na kati yao watoto. Vipaza sauti vya ndege viliharibika, wahudumu wakapiga kelele kwa mdomo na kwa vipaza sauti vya mkononi. Kati ya milango minane, mitatu tu ndiyo ilifaa kutumika. Ndani ya dakika 18 tangu ndege itue, wote walikuwa wametoka. Baadaye ndege yote iliteketea.

Walifanya nini? Walibaki vitini hadi walipoelekezwa, kisha wakatoka bila mizigo. Picha zao wakiwa nje, kwenye baridi ya Januari, zinaonyesha watu mikono mitupu.

Mfuko wa karatasi zako

Hapa ndipo penye ugumu kwetu. Kwa mtu mwingine, kuacha begi ni kuacha nguo na kompyuta. Kwa mkimbizi, karatasi ni uhai. Katika mafunzo ya kabla ya safari tunaambiwa tusiuachie kabisa ule mfuko wa IOM wenye hati za safari, hata chooni. Wapo kati yetu waliokimbia usiku wakaacha vyeti, na wameteseka miaka kumi kwa ajili ya vyeti hivyo. Ni rahisi kuelewa kwa nini mama angerudi kuuchukua mfuko ndege ikiwa inaungua.

Lakini maagizo hayo mawili hayapingani. Linda mfuko wako njiani, uwanjani na ndani ya ndege siku zote za kawaida. Siku mhudumu atakaposema kwa sauti "tokeni, acheni kila kitu", agizo la mfuko limekwisha.

Sababu ni hizi. Njia ya katikati ya ndege hupitisha mtu mmoja mmoja, na anayesimama sekunde kumi kufungua kabati la juu amewafungia walio nyuma yake wote. Begi linaweza kutoboa mtelezo wa mpira ambao watu hushukia. Na mikono yako inahitajika, kwa maana inambeba mtoto.

Karatasi zinapatikana tena. Picha yako, alama zako za vidole na namba ya faili lako vimo katika kumbukumbu za UNHCR, na nchi inayokupokea ina jalada lako. Kupata nakala kunaweza kuchukua muda na kusumbua, lakini kunawezekana. Ili kupunguza mashaka, kabla ya safari piga picha za hati zote kwa simu, umtumie ndugu unayemwamini, na uandike namba ya faili kwenye kikaratasi cha kuweka mfukoni mwa nguo uliyovaa. Hapo hutakuwa na sababu ya kurudi.

Mambo mengine madogo yenye historia kubwa

Mkanda. Ufunge wakati wote umekaa, hata taa ikiwa imezimwa. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines kutoka London ilirushwa na hewa chafukazi ghafla. Abiria mmoja alifariki na makumi wakaumia.

Barakoa ya oksijeni. Ikishuka mbele yako, vaa yako kwanza ndipo umvishe mtoto. Mzazi yeyote atasita. Lakini katika anga ya juu mtu hubaki na akili timamu kwa sekunde 30 hadi 60 tu bila oksijeni. Ukizimia ukihangaika na mtoto, hakuna wa kumsaidia yeye wala wewe.

Choo. Mwaka 1973 ndege ya Varig kutoka Brazili iliungua karibu na Paris, na watu 123 walikufa. Moto ulianzia kwenye choo cha nyuma. Usivute sigara ndani ya ndege, wala usiguse kitambua moshi.

Pawabenki. Wengi wetu tunazo, kwa sababu umeme ni wa shida. Usiiweke kamwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Iwe kwenye mfuko wa mkononi, na isiwe imevimba au kupasuka. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani huko Korea Kusini kabla ya kupaa. Wote 176 walitoka, na wachunguzi walisema yaelekea pawabenki ndiyo iliyoanzisha moto.

Viatu. Vaa viatu vinavyokaa mguuni wakati wa kupaa na kutua. Ndala zitakutoka.

Ukiwa huelewi lugha

Maelezo mara nyingi hutolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kituruki au Kiarabu. Usione haya. Kwenye mfuko wa kiti kilicho mbele yako kuna kadi ya michoro, inaeleweka bila kusoma. Itazame pamoja na watoto, mwonyeshe bibi au babu anayesafiri nawe. Kama msafara wenu una msindikizaji wa IOM, muulize kabla ya kupanda. Na mpange mapema katika familia nani anambeba mtoto yupi. Swali hilo halifai kujibiwa kwenye moshi.

Kwa sisi tunaobaki

Bukoba ilitufundisha jambo la mwisho. Waliofika kwanza kwenye ndege ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alijulikana Tanzania nzima kwa kujitosa kusaidia, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ajali ikitokea karibu nasi, majirani ndio huanza kuokoa. Tusaidie, lakini tusikusanyike kutazama, tusivute sigara karibu na mafuta, wala tusiokote kitu chochote. Kipande kidogo cha bati kinaweza kuwa ndicho kitakachowaeleza wachunguzi kilichotokea, na kuwaokoa watu ambao bado hawajapanda ndege.