Barafu ya Kilimanjaro Ikiisha, Mto Pangani Utakauka?

Swali hili naletewa sana na vijana wanaotaka kukodi mashamba ya umwagiliaji kandokando ya Mto Pangani: "Afisa, theluji ya Kilimanjaro ikiisha, si mto nao umekwisha?" Ni swali zuri, maana mtu anatia hela nyingi kwenye pampu na mabomba. Na jibu lake limeshapimwa, mpaka kwenye mwamba.

Ujazo haujulikani bila kina

Chukua tangi la maji lililofukiwa ardhini. Ukifungua mfuniko ukaona maji yanameta, bado hujui una lita ngapi mpaka utumbukize kijiti kiguse chini. Barafu ni vivyo hivyo. Picha zinaonyesha eneo tu. Kwa eneo, barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Unene je?

Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson kutoka Marekani ilichoronga mashimo sita kwenye barafu hiyo. Lakini shimo linakupa unene wa pale lilipo tu. Baadaye watafiti wengine wakapita na rada juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki. Rada hutuma mawimbi ya redio chini, yakigonga mwamba yanarudi. Ukipima muda wa kwenda na kurudi, umejua kina. Matokeo yao yalitoka 2017: unene ni kati ya mita 6 na 53 hivi, na sehemu ya kusini ya uwanja huo ina barafu mita za ujazo milioni 12.

Tupige hesabu ya shambani. Ikiyeyuka yote, hayo ni maji kama mita za ujazo milioni 11. Hekta moja ikinyeshewa milimita 1,000 imepokea mita za ujazo 10,000. Kwa hiyo barafu yote ile ni sawa na mvua hiyo kwenye hekta 1,100 tu. Tena ni mara moja, hairudi.

Maji ya mto yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye mvua inayonyesha msituni, chini ya barafu, ikazama ardhini na kutokea kwenye chemchemi. Mito Kikuletwa na Ruvu inakutana Nyumba ya Mungu, halafu huku kwetu Mkomazi na Luengera zinaongeza. Msitu ukikatwa, au wa juu wakichota kupita kiasi, hapo ndipo mto unapungua. Barafu msiitegemee, wala msiililie.

Barafu inayotuhusu iko mbali

Greenland na Antaktika nazo zinapimwa hivyo hivyo, rada ikiwa imefungwa kwenye ndege. Huko unene unafika kilomita, si mita. Na rada imeonyesha kuwa upande wa magharibi wa Antaktika mwamba wenyewe uko chini ya usawa wa bahari, hivyo maji yenye joto yanaweza kuila barafu kwa chini. Barafu ya nchi kavu ikiingia baharini, bahari inapanda. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20.

Kwa mkulima wa Pangani maana yake ni chumvi. Kiangazi mto ukiwa dhaifu na bamvua ikija, maji ya bahari yanapanda mtoni. Bahari ikiinuka, yanafika mbali zaidi.

Kabla hujalipa kodi ya shamba

1. Pima chumvi ya maji kiangazi, siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa. Kipimo cha masika kitakudanganya.
2. Chini ya desisimensi 0.7 kwa mita, mwagilia bila wasiwasi. Ikizidi 3, tafuta shamba lingine.
3. Ikiwa katikati, achana na maharage, hayavumilii chumvi. Mnazi unavumilia zaidi.
4. Ukiwa karibu na bahari, vuta maji yakiwa yamekupwa, uhifadhi kwenye bwawa.
5. Ingia kwenye jumuiya ya watumia maji. Maji yako yanaamuliwa na watu wa juu ya mto, na huko ndiko sauti yako inakosikika.

Anayekwambia "maji yapo, mlima ule pale", mwombe kwanza kipimo cha chumvi.